Barua kwa Baba: Jumla ya Sifuri Isiyofuta Spini

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wewe, Mama na wadogo zangu mkiwa wazima wa afya. Mimi sijambo na kazi inaendelea vizuri. Barua yako imenifikia, na nimeona nianze moja kwa moja na swali uliloliandika mwishoni, kwa kuwa ndilo swali linalotushughulisha sisi sote humu maabara. Uliuliza hivi: ikiwa ndani ya fuwele nusu ya atomi zina usumaku unaoelekea juu, na nusu nyingine zina usumaku unaoelekea chini, na jumla yake ni sifuri kamili, je, elektroni inayopita humo itapata wapi sababu ya kutofautisha spini ya juu na spini ya chini, yaani mielekeo miwili ya usumaku mdogo wa elektroni yenyewe?

Kwa miaka mingi wanafizikia wengi wangekujibu kwamba haina sababu yoyote. Jibu hilo ni sahihi kwa fuwele nyingi, lakini si kwa zote, na tofauti kati ya fuwele hizo na hizi ndiyo iliyonifanya niipende kazi hii kuliko nilivyotarajia.

Elektroni ndani ya fuwele haijichukulii nishati yoyote itakayo. Kwa kila momenta, yaani kwa kila mwelekeo na wingi wa mwendo wake, kuna viwango maalumu vya nishati vinavyoruhusiwa, na ukivichora dhidi ya momenta unapata mistari tunayoiita bendi. Katika dutu isiyo na usumaku, ambayo fuwele yake ina kitovu cha ulinganifu (nukta ambayo ukiipindua fuwele kupitia hapo inabaki vilevile), kila bendi ni mbili zilizolaliana, moja ya spini ya juu na nyingine ya spini ya chini, na hakuna kipimo cha nishati kitakachozitenganisha. Katika chuma au kobalti mambo ni mengine: usumaku wa fuwele nzima unaelekea upande mmoja, bendi moja inashuka na nyingine inapanda, na pengo hilo lina umuhimu mkubwa katika elektroniki ya leo. Albert Fert na Peter Grünberg walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2007 kwa jambo waliloligundua mwaka 1988 kutokana na pengo la namna hiyo, na vichwa vya kusomea diski za kompyuta vilijengwa juu ya ugunduzi wao.

Dutu ulizoziulizia wewe huitwa antiferomagneti. Louis Néel alizieleza katika miaka ya 1930, na mwaka 1949 Clifford Shull na Samuel Smart walitumia nyutroni kuonyesha kwamba katika oksaidi ya manganizi usumaku wa atomi kweli hupishana juu na chini. Néel alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1970, alisema katika mhadhara wake kwamba dutu hizi zinavutia sana kinadharia, ila hazionekani kuwa na matumizi. Simlaumu kwa hilo. Kwa mifano iliyokuwa imechunguzwa vizuri wakati huo, hakukuwa na jambo la kumfanya aseme vingine.

Wewe uliyeufanya ualimu wa hisabati kuwa kazi ya maisha yako utalifurahia jibu, kwa kuwa limo katika ulinganifu. Liite A kundi la atomi zenye usumaku wa juu, na B kundi la zile zenye usumaku wa chini, kisha ujiulize ni hatua gani ya kijiometri inayolileta kundi A mahali pa kundi B. Katika oksaidi ya manganizi hatua hiyo ni kusogeza tu: ukiisogeza fuwele nzima kwa umbali mfupi, kila atomi ya A inakaa palipokuwa na atomi ya B. Kusogeza hakubadili mwelekeo wa momenta. Kwa hiyo elektroni ya spini ya juu inayokwenda mashariki ni lazima iwe na nishati ileile ya elektroni ya spini ya chini inayokwenda mashariki, na hali ni hiyohiyo kwa pande zote, hivyo bendi mbili zinalaliana kabisa. Ziko fuwele nyingine ambamo A huletwa mahali pa B kwa kupinduliwa kupitia kitovu, ambapo kila nukta (x, y, z) inakuwa (−x, −y, −z). Hatua hiyo hugeuza momenta, lakini ikiunganishwa na kugeuza wakati, yaani kuwazia mwendo wote ukirudi nyuma, momenta hurudi ilipokuwa huku spini ikigeuka, na bendi zinabaki pamoja vilevile.

Sasa chukua fuwele ambayo ndani yake kusogeza peke yake hakutoshi, wala kupindua hakusaidii, bali ni lazima uzungushe. Floridi ya manganizi, MnF2, ni ya aina hiyo. Atomi zake zote za manganizi ni za namna moja, lakini atomi sita za florini zinazoizunguka kila manganizi zinaunda umbo lisilo sawa pande zote, na umbo lililoizunguka atomi ya B ni lilelile la A lililogeuzwa nyuzi 90. Fikiria mbao mbili za mti mmoja na za unene mmoja, zilizolazwa kando kwa kando, nyuzi za ubao mmoja zikielekea kaskazini na za ubao mwingine zikielekea mashariki. Seremala akipiga randa kuelekea kaskazini, ubao wa kwanza unakwenda laini na wa pili unamkatalia. Akipiga kuelekea mashariki, mambo yanabadilishana. Akipiga kwa mshazari, katikati kabisa ya pande hizo mbili, mbao zote mbili zinampa ukinzani uleule. Elektroni ya spini ya juu hukaa zaidi kwenye atomi za A, na ya spini ya chini hukaa zaidi kwenye atomi za B, kwa hiyo kila moja inakutana na nyuzi za ubao wake.

Ukizunguka duara zima la momenta katika fuwele kama hiyo, pengo kati ya bendi mbili linaanza likiwa chanya, linapita sifuri, linakuwa hasi, linapita sifuri tena, na kurudia hivyo, likipita sifuri mara nne. Ukijumlisha pande zote unapata sifuri, na ndiyo maana sumaku ukiikaribisha haivutwi. Jumla uliyoitaja, Baba, ni ya kweli, ila ni jumla ya pande zote, na elektroni yenye momenta fulani haiendi pande zote kwa wakati mmoja.

Wazo lenyewe lina mizizi ya zamani. Solomon Pekar na Emmanuel Rashba waliandika mwaka 1964 kwamba usumaku usio sawasawa ndani ya fuwele unaweza kuifanya nishati ya spini itegemee momenta. Kisha jambo hili likakaa kimya kwa muda mrefu, hadi karibu mwaka 2019 na 2020, ambapo makundi kadhaa ya watafiti, kila moja kwa njia yake, yalipoanza kuhesabu bendi za fuwele za aina hii na kukuta mapengo makubwa. Rashba huyohuyo ni mmoja wa walioandika hesabu za MnF2 mwaka 2020, zaidi ya nusu karne baada ya makala yake ya kwanza, na kila nikisoma majina ya waandishi hao nashangilia. Mwaka 2022 Libor Šmejkal, Jairo Sinova na Tomas Jungwirth walizipanga dutu hizi katika tabaka lake lenyewe, pembeni mwa feromagneti (sumaku kama chuma na kobalti) na antiferomagneti za kawaida, nalo tabaka hilo linaitwa altamagneti.

Unaweza kuniuliza kama pengo hili si lile linalotokana na muungano wa spini na obiti, yaani wa spini ya elektroni na mwendo wake kuzunguka kiini cha atomi, ambalo Gene Dresselhaus alilieleza mwaka 1955. Si lile. Lile huhitaji atomi nzito ili liwe kubwa, ilhali hili hutokana na usumaku wa atomi pamoja na umbo la mazingira yake, na linaweza kufikia sehemu kubwa ya elektronivolti (kipimo cha nishati ya elektroni) hata penye atomi nyepesi. Ulinganishe na mtikisiko wa joto la chumbani, ambao ni takribani elektronivolti 0.025 tu. Ila njia ninayoipenda zaidi ya kuyatofautisha ni ile utakayoitambua mara moja. Katika fuwele isiyo na usumaku, pengo la spini na obiti ni fanksheni witiri ya momenta: ukigeuza momenta, ishara ya spini inageuka. Katika altamagneti yenye kitovu cha ulinganifu, pengo ni fanksheni shufwa: ukigeuza momenta, ishara inabaki ileile. Tunapima upande wa kulia, tunapima upande wa kushoto kwa pembe hiyohiyo, na tunatazama ishara. Jambo hili si la mapambo, kwa sababu uso wa fuwele yoyote hauna kitovu cha ulinganifu, na daima huweza kuchanganya sehemu ya witiri ndani ya vipimo vyetu.

Vipimo vyenyewe hufanyika hivi. Tunagundisha kijiti kidogo cha kauri juu ya fuwele kwa gundi yenye fedha, tunaiingiza kwenye chombo chenye ombwe kali, kisha tunakigonga kijiti hicho kwa upande ili fuwele ipasuke humohumo ndani, na uso mpya upatikane ambao haujawahi kuguswa na hewa. Fuwele hizi hazina matabaka yaliyolegea, kwa hiyo mara nyingi hupasuka ovyo, na kipande kinachong'aa kama kioo kinaweza kuwa kidogo kuliko punje ya mtama. Tunakielekezea mwanga wa eksirei, fotoni inaing'oa elektroni, nasi tunasoma nishati yake na pembe iliyotokea nayo, ambayo ndiyo inayotupa momenta. Kusoma spini ni kugumu zaidi, kwa sababu elektroni inapaswa kugongeshwa kwenye shabaha inayozirudisha spini mbili kwa viwango tofauti, na sehemu ndogo mno ya elektroni ndiyo inayotupa habari. Mstari mmoja huchukua saa nyingi.

Kuna ugumu mwingine ulionipa heshima kubwa kwa waliotutangulia. Fuwele moja huweza kuwa na maeneo mawili, A na B zikiwa zimebadilishana usumaku katika eneo la pili, na pengo la huko lina ishara iliyo kinyume. Mwanga ukiangukia maeneo yote mawili kwa usawa, spini zinafutana na kipimo kinasema sifuri penye pengo kubwa. Mwaka 2024 watafiti walichapisha ushahidi wa wazi kutoka teluridi ya manganizi, MnTe, na mwishoni mwa mwaka huohuo ikachapishwa kazi iliyopiga picha za maeneo hayo ndani yake. MnTe hupoteza mpangilio wake wa usumaku karibu na kelvini 307, yaani takribani nyuzi 34 za Selsiasi. Antimonidi ya kromi, CrSb, huushikilia hadi zaidi ya kelvini 700, na pengo lililopimwa humo ni karibu elektronivolti 0.6. Katika zote mbili ishara hubadilika mara sita ukizunguka duara moja juu ya usawa wa katikati (ule ambao momenta ya wima ni sifuri), na kwenye usawa huo wenyewe pengo ni sifuri kila mahali. Anayepima hapo tu ataondoka akiamini kwamba hakuna kitu.

Si kila kilichotarajiwa kimethibitika. Oksaidi ya rutheni, RuO2, ndiyo iliyokuwa mfano uliopendwa kuliko yote, hasa baada ya vipimo vya nyutroni vya mwaka 2017 kuashiria usumaku mdogo unaopishana. Lakini mwaka 2024 vipimo vya muoni (chembe ndogo inayohisi usumaku ulio karibu nayo) na nyutroni katika fuwele nzima havikuuona mpangilio huo, na mjadala kuhusu tando zake nyembamba bado unaendelea. Mimi nauona mjadala huo kuwa wa afya. Ulinganifu unasema nini kitatokea iwapo usumaku upo. Hauwezi kuuleta usumaku pasipokuwa nao.

Kuhusu matumizi nitasema kwa ufupi. Dutu hizi hazina uga wa sumaku unaovuja nje, hivyo vijenzi vinaweza kukaa karibu bila kuingiliana, na usumaku wake hutikisika kwa kasi ya terahezi, ilhali feromagneti za kawaida huwa katika gigahezi. Zikiwa pia na bendi zilizogawanyika, mkondo wa umeme unaweza kuzichuja spini ndani yake.

Nakuomba jambo moja. Kwenye karatasi iliyoambatanishwa nimekuchorea duara la MnTe lenye ishara zake sita kwa usawa mmoja tu, juu ya ule wa katikati. Tafadhali nichoree duara la usawa wa chini kwa kutumia sharti la shufwa peke yake, kisha unitumie, ili niweke mchoro wako kando ya vipimo vya wiki zijazo.

Mpe Mama salamu zangu nyingi, na uwasalimie wadogo zangu wote.

Ni mimi mwanao akupendaye.