Barua ya wazi: Ndege wa Julai hahesabiwi Januari

Kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya mazingira katika jimbo letu

Mheshimiwa,

Pokea kwanza salamu zangu za heshima. Nakuandikia hadharani kwa kuwa barua nilizokuletea kwenye biro yako zimelala, na wewe umekwisha kuzungumza redioni. Wiki iliyopita tulikusikia ukitangaza kwamba watu wako wamehesabu ndege kwenye dambo lile, bonde la majimaji la upande wa Kapolowe, hawakuona hata mmoja aliye adimu, basi viwanja vipimwe. Asubuhi yake malori ya kifusi yakaanza kumwaga. Hongera kwa mwendo huo. Ukarabati wa choo cha shule yetu bado unasubiri sahihi.

Walihesabu mwezi gani, Mheshimiwa? Januari.

Januari ndege adimu ninayemsema, kulasitara wa Madagaska, jamii ya korongo, yuko kwao, analea. Anataga kule Madagaska na kwenye visiwa vya Aldabra, Mayotte na Europa, akiwa mweupe pe, mdomo wa buluu. Mwezi wa tano hivi ndipo anavuka bahari kuja mashariki na katikati mwa Afrika, Kongo yetu ikiwemo, hadi mwezi wa kumi. Hapa Lubumbashi huo ni wakati wa baridi na vumbi, mvua hakuna. Naye hafiki na ule weupe. Anakuja na mgongo wa kahawia na michirizi kifuani, na asiyemzoea humdhani kulasitara wa kawaida, akapita zake. Kumtafuta Januari ni kubisha hodi kwa mtu aliyekuaga kuwa anasafiri, kisha ukatangaza kwamba hana nyumba.

Ukataja na ramani za kuonyesha ndege anaweza kuishi wapi. Ramani hizo nazijua, nimezitengeneza usiku kwa kompyuta ya kuazima, umeme ukikatika kazi ikiwa nusu. Programu unaipa mahali ndege alipoonekana, pamoja na mvua, joto na kimo cha nchi. Inajifunza anapenda mahali pa namna gani, halafu inakisia kwingine panapofanana. Lakini taarifa nyingi zinatoka penye watu wenye darubini na watalii, kama Kenya na Tanzania. Huku nani aliandika? Peupe kwenye ramani yako ni mahali ambapo hakuna aliyekwenda, wewe ukasoma kuwa hakuna ndege. Na makisio yenyewe hayana faida bila mtu wa kukanyaga tope akathibitishe.

Hilo uliliahidi wewe mwenyewe, mbele ya wanafunzi wangu: hesabu kila kiangazi, na darubini kwa shule. Watoto walipiga makofi sana. Darubini ninayotumia nimeinunua kwa mshahara unaoujua, unaokuja unapojisikia, na mke wangu bado ananiuliza kuhusu karo.

Nani anavitaka viwanja hivyo, sijui. Kwenye kartye wanasema ni watu wa migodi wanaotafuta pa kuegesha magari. Mimi nadhani ni haraka tu ya kukusanya kodi. Vyovyote iwavyo, ndege huyu yumo hatarini kutoweka. Kwao madambo yanageuzwa mashamba ya mpunga na mayai yake yanaokotwa. Akiokoka huko, aje akute kifusi chetu?

Nilikuwa na maombi mengi, nimeyafuta. Simamisha malori hadi Julai, uwatume watu wako Julai. Hata siku moja tu ya Julai, Mheshimiwa. Nitawaongoza mwenyewe, na nauli nitajilipia, kama kawaida.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa biolojia, Katuba, Lubumbashi