Kwa vijana wa mialo ya Ukerewe mnaosema hamna siasa

Wanangu,

Bango lenu lililobandikwa kwenye mizani ya samaki pale mwaloni, boti zinaposhushia samaki, nimelisoma: "Hatuna siasa. Tuna wananchi na takwimu." Limependwa, na sishangai, maana watu wamechoka na ahadi. Ila mchanganyiko huo una hila. Anayesema kwa niaba ya wananchi wote humwona anayempinga kuwa msaliti. Anayesema kwa niaba ya utaalamu humwona mjinga. Mwenye vyote viwili amsikilize nani tena?

Waitalia wameupitia mtindo huu. Mwaka 2009 mchekeshaji Beppe Grillo na Gianroberto Casaleggio, mtu wa shughuli za intaneti, walianzisha Vuguvugu la Nyota Tano, kwa ahadi kwamba raia wangeamua mambo wenyewe mtandaoni. Mwaka 2018 likaongoza kwa kura, na aliyepewa uwaziri mkuu akawa Giuseppe Conte, profesa wa sheria ambaye hadi hapo hata ubunge hakuwahi kuuomba. Februari 2021 wanachama wakaulizwa kama waiunge mkono serikali ya Mario Draghi, aliyekuwa rais wa Benki Kuu ya Ulaya. Tazameni swali lilivyopangwa: kwanza serikali "ya kitaalamu na kisiasa", kisha wizara kubwa ya mageuzi ya kimazingira, kisha kulindwa kwa mafanikio ya vuguvugu, jina la Draghi likaja mwishoni kabisa. Asilimia 59 wakakubali. Kura walipiga wao, lakini jibu lilikuwa limeshaegemezwa na mtunga swali.

Emmanuel Macron, aliyechaguliwa rais wa Ufaransa 2017, naye alianza 2016 kwa vijana wa kugonga milango na kompyuta za kuchambua majibu, akisema yeye si wa kulia wala wa kushoto. Novemba 2018 waandamanaji wenye vizibao vya njano wakaziba barabara kupinga kodi ya mafuta ya gari. Hesabu za tabianchi za kuitetea kodi hiyo zilikuwepo. Anayeishi mbali na mji, asiye na basi, hakuwa kwenye hesabu hizo.

Sasa turudi ziwani. Mtafiti wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi nchini, anaweza kuwaambia sangara huanza kuzaa akiwa na urefu gani, na kwa nini wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa. Mpeni heshima yake hapo, msimpigie kelele. Lakini wavu ukibadilishwa ili usinase wadogo, tajiri mwenye mtumbwi akanunua mpya, gharama inatoka mfukoni mwake au inakatwa kwenye mgawo wa mabaharia wanaomvulia kabla hawajagawana? Wanaopewa muda wa kumalizia nyavu za zamani ni wenye mitumbwi kumi au wenye mmoja? Na mama anayeanika dagaa, anayenunua kwa mkopo, mkikubaliana kupumzisha uvuvi atarejesha kwa kipi? Hapo hakuna kipimo cha maabara. Ni maslahi yanayogongana, na hiyo ndiyo siasa mnayoikana.

Kwa hiyo mkutano mkuu wa kijiji ujao, ule wa kila miezi mitatu, msiingie na hoja moja iliyofungwa. Bandikeni ajenda siku kadhaa kabla, iwe na angalau njia mbili, na chini ya kila njia muandike nani atalipa na kiasi gani. Mtaalamu azungumze kwanza, aulizwe maswali, akae. Hapo kila kundi, matajiri, mabaharia, wachuuzi, liseme kwa jina lake; msikubali mtu asimame na kusema "sisi wananchi", mwulizeni wananchi gani. Baharia hatampinga tajiri wake hadharani kwa kunyoosha mkono, kwa hiyo jambo la mgawo lipigiwe kura ya siri, hata kama ni vikaratasi kwenye ndoo.

Na katibu asiandike "wote walikubaliana". Aandike idadi ya waliokubali, waliokataa na waliojizuia, pamoja na sababu za waliokataa kwa maneno yao wenyewe. Mkutano wa robo mwaka inayofuata uanze kwa kusoma ukurasa huo.

Mzee wenu, Nansio