Neno "panya" liwe kwenye kichwa cha habari

Ndugu Mhariri,

Habari yenu ya kipimo cha damu "kinachogundua saratani ya matiti mapema" imetuletea wateja hapa maabara. Mama mmoja alikuja na ukurasa wenyewe ameukunja kwenye kipochi, anataka kipimo hicho hicho. Kipimo chenyewe kilijaribiwa kwa panya, lakini neno panya mmeliweka aya ya mwisho, naye huko hakufika.

Sina ugomvi na panya. Hapa Morogoro panya buku wa APOPO, shirika linalofundisha panya kunusa, wananusa makohozi na kubaini kifua kikuu, tunawaheshimu. Lakini wale wa utafiti wa saratani ndio wagonjwa wenyewe: wamepandikizwa jeni la saratani, ni wa ukoo mmoja, wanakula chakula kimoja, rika moja. Kitu kikizidi kwenye damu yao, ni rahisi kujua kimetokana na uvimbe. Sasa kusanya wanawake kumi pale sokoni. Huyu mjamzito, yule ana kisukari, mwingine malaria imemtoka juzi. Damu zao zinatofautiana hata kabla ya saratani.

Tena kuna ukubwa. Panya wa maabara ana gramu 25 hivi. Uvimbe wa gramu moja kwake, kwa mama wa kilo 60 ungekuwa kilo 2.4! Hapo damu itakosaje kubadilika? Sisi tunatafuta kivimbe kama punje ya harage.

Mwaka 2011 watafiti wa Fred Hutchinson, kituo cha utafiti wa saratani huko Seattle, Marekani, walithibitisha protini 36 zilizopanda kwenye damu ya panya wenye uvimbe. Kazi safi, ila ilikuwa ya kuonyesha namna ya kuchuja protini nyingi, si kipimo cha kuuziwa mtu. Kipimo cha damu kilichopo maabara, kiitwacho CA 15-3, ni cha kufuatilia mgonjwa ambaye tayari anajulikana. Saratani changa inaweza isikipandishe kabisa, na ini likiugua kinaweza kupanda bila saratani. Wapo wanaokiuza kama cha uchunguzi wa mapema. Huko ni kula hela za watu.

Mama yule ana kivimbe titi la kushoto. Sikumtoa damu. Nilimwelekeza hospitali wampapase, wampige ultrasaundi, wachukue kinyama kipimwe. Aliondoka amenuna, maana alitaka sindano moja yaishe.

Naomba mrudie habari ile ukurasa ule ule, safari hii panya wakiwa juu kwa herufi kubwa.

Mtaalamu wa maabara,
Morogoro