Sufu inayowasha nayo ina kazi yake

Mhariri,

Wafumaji wengi hapa Nairobi hupima sufu kwa kuigusisha shingoni: ikiwasha, basi ni mbovu. Kwa kipimo hicho kondoo wa Herdwick asingefaa kitu.

Huyu ni kondoo wa milima ya Lake District, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, kwenye mvua na upepo mkali. Huzaliwa mweusi, kisha sufu hugeuka kahawia na hatimaye kijivu anavyozidi kukua. Nyuzi zake huzidi maikroni 35 kwa unene (maikroni elfu moja ni milimita moja). Za Merino, kondoo wa sufu laini, ziko chini ya 24. Katikati ya nyuzi hizo mna vinywele vifupi vigumu, vyenye uwazi ndani, ambavyo havishiki rangi. Ichovye kwenye rangi nyekundu uone: vitabaki vimechomoza, bila kukolea wekundu. Ndiyo maana sufu hii huachwa na rangi yake ya asili, ikaenda kwenye mazulia na makoti mazito.

Kondoo hao hulishwa mlimani pasipo ua, mwana akijifunza mipaka kwa mama yake. Ugonjwa wa miguu na midomo ulipozuka huko mwaka 2001, hofu haikuwa idadi ya waliochinjwa tu. Kundi geni lingenunuliwa, lakini nani angelifundisha mlima?

Wafugaji wa Kinangop na Molo wenye sufu nzito wasiitupe. Kondoo anyolewe akiwa mkavu, kwani sufu mbichi ikifungwa guniani hupata joto na kuoza. Mashine ipite mara moja. Ikirudia pale pale huacha vipande vifupi ambavyo baadaye huwa vifundo kwenye uzi. Ya tumboni na iliyogandana kinyesi itengwe hapo hapo. Kisha vuta kishungi cha sufu kwa mikono miwili karibu na sikio: kikikatika katikati, kondoo aliugua au alikosa malisho, na uzi wake hautadumu.

Kuosha ndiko kunakoharibu wengi. Maji ya nyuzijoto 60 hivi, sabuni ya maji, izamishe na uiache dakika 20 bila kuisugua. Ya kusuuzia nayo yawe moto vilevile. Ukiitoa kwenye moto ukaitia kwenye maji ya mfereji huku ukiikamua, itashikana kama blanketi kuukuu.

Na zulia likimwaga vinywele sebuleni, mara nyingi kosa ni la msokotaji: uzi haukukazwa vya kutosha.

Msomaji,
Nairobi