Kabla hamjampiga hicho kijibwa

Konde, Pemba

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, alhamdulillahi. Barua yako nimeisoma mara mbili. Umenambia kijibwa mlichokichukua kulinda mbuzi kinang'ata kila mtu, kimekuchania upindo wa kanga, na shemeji keshakata fimbo. Nakuombeni hiyo fimbo iwekeni kwanza.

Mbwa wetu Simba alikuwa vivyo hivyo. Tulimchukua ana wiki sita tu, na hapo ndipo tulipokosea. Watoto wa mbwa hufunzana wenyewe kwa wenyewe: jino likizidi, mwenzake hulia na mchezo ukavunjika. Akitolewa kabla ya wiki nane, somo hilo hulikosa, bas itabidi mumsomeshe nyinyi. Tena akifika miezi mitatu, minne, meno ya utoto huanza kung'oka na fizi humsumbua mpaka miezi sita, saba hivi. Si ukali ule.

Na sisi tulianza kwa makofi ya mdomo. Wallahi alizidi! Akawa akiuona mkono tu anakenua, na mbwa anayeuogopa mkono huwahi kuuma kabla hajaguswa.

Kilichomuweza ni kunyimwa mchezo. Sikuchomoa tena mkono kwa haraka, maana mkono ukikimbia naye huukimbiza. Akinigusa kwa jino nasimama kimya, mikono kifuani, simtazami wala simsemeshi. Akiendelea natoka, nafunga kilango cha ua, nahesabu mpaka ishirini, ndipo narudi. Akitulia namtupia kipande cha kamba ya makumbi atafune hicho. Siku ya kwanza nilitoka mara kumi kabla ya adhuhuri, na kila nikirudi namkuta nyuma ya kilango, mkia chini, kanitolea macho. Wiki ya tatu akanisogelea, mdomo wazi kwenye vidole vyangu, akaufunga mwenyewe. Akenda kuiokota kamba. Nililia, shoga yangu.

Waliotuchelewesha ni watoto. Mimi nasimama, wao wanakimbia na kupiga kelele. Yule mdogo nikamwambia, "Simba akikushika, kuwa mnazi," na akawa mnazi kweli, kakaza miguu na macho kafumba. Mgeni mmoja tu akimwachia atafune vidole, mnarudi nyuma wiki nzima. Mkatazeni hata kama ni mkubwa wenu.

Najua mzigo mwengine ni mate yake, maana ni najisi kwa sala. Kuosha mara saba, moja kwa udongo, na Maghribi imeshafika, mtu hukasirika na hasira zikamshukia mbwa. Mimi nimeweka kopo la udongo safi na ndoo ya maji pale pale mlangoni. Tangu hapo makelele yamepungua sana.

Lakini jino likitoboa ngozi, hata la kijibwa, osheni kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa dalili zikishatoka hakiponi. Akitimiza miezi mitatu mpelekeni akachanjwe.

Nimempa dada anayekuja Unguja kwa boti kamba mbili, nimezipiga mafundo. Moja iroweke maji usiku, umpe asubuhi ikiwa baridi. Zikianza kuchambuka zitupe, asije akameza nyuzi.

Nisalimie shemeji na watoto.

Wasalaam,
Shogayo wa Konde