Uavyaji mimba: anayeumia ni maskini

Mhariri,

Mjadala kuhusu uavyaji mimba nchini Kenya huendeshwa kana kwamba wanawake wote wana uwezo sawa. Kifungu cha 26 cha Katiba ya 2010 kinatamka kwamba uhai huanza mimba inapotungwa, na papo hapo kinaruhusu mimba itolewe iwapo, kwa maoni ya mhudumu wa afya aliyehitimu, kuna dharura ya matibabu au maisha ama afya ya mama imo hatarini. Hata hivyo, Kanuni ya Adhabu bado inamtishia mwanamke kifungo cha miaka 7 na anayemtoa mimba miaka 14. Si ajabu basi muuguzi wa zahanati kuogopa hata kumhudumia msichana anayevuja damu.

Mwenye pesa hupata daktari, chumba safi na usiri. Mfanyakazi wa nyumbani aliyebakwa na mwajiri wake, ambaye hata nauli hana, huishia kumeza vidonge visivyo na lebo au kunywa sabuni iliyokorogwa.

Mwaka 2019, katika kesi iliyohusu msichana aliyebakwa na kufariki baada ya kutolewa mimba kiholela, Mahakama Kuu iliamua kuwa Wizara ya Afya ilikosea kuondoa miongozo ya kuzuia madhara kama hayo. Nawaheshimu viongozi wa dini wanaokitetea kijusi, na wala silioni jambo hili kuwa jepesi, lakini wengi wao hawamtaji kabisa mbakaji. Wizara iifikishe miongozo hiyo katika kila zahanati.

Msomaji,
Kilifi