Kioo huja mwisho

Birmingham,
Jumapili jioni

Ndugu yangu Mashaka,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, ni baridi tu inanisumbua. Uliniuliza kama yale madirisha ya kanisa niliyokutumia picha yalichorwa moja kwa moja juu ya kioo. Wapi! Kazi huanzia kwenye karatasi.

Yale ni ya Kanisa Kuu la St Philip. Mchoraji wake ni Edward Burne-Jones, mzaliwa wa mji huuhuu, tena alibatizwa humohumo. La Kupaa kwa Yesu ni la 1885, Kuzaliwa na Kusulubiwa 1887, Hukumu ya Mwisho 1897. Kwanza huchorwa kichoro kidogo cha kutafuta mpangilio, kisha mchoro mkubwa sawasawa na dirisha. Wewe mtu wa mabango utashangaa: michoro yake mingi ya namna hiyo haina rangi, ni mistari na vivuli. Rangi kwa kawaida alichagua rafiki yake William Morris, mwenye karakana iliyotengeneza madirisha hayo. Mimi nisingekubali mtu anichagulie rangi, sijui wewe.

Kazi ngumu iko kwenye risasi, ile metali laini, si ya bunduki. Kila kipande cha kioo hushikwa na ukanda wa risasi, na mwanga ukipita ukanda huo huonekana mweusi ti. Kwa hiyo lazima ipangwe mapema upite wapi: pembeni mwa bawa, ndani ya mkunjo wa joho, popote ila katikati ya uso. Halafu kioo hakikubali kukatwa kona kali inayoingia ndani, kinapasuka. Nyuso na vidole mafundi huvifuatisha kutoka kwenye mchoro kwa rangi nyeusi, kisha kioo kinachomwa tanuruni ili rangi ishike.

Karakana ile ilitunza michoro na kuitumia tena, malaika yuleyule akaenda kanisa jingine na joho la rangi nyingine. Biashara hiyo! Na wateja nao walikuwa na masharti: mama aliyegharamia dirisha la Kuzaliwa hakutaka ng'ombe hata mmoja. Itazame tena ile picha, hutawaona.

Burne-Jones naye alikuwa akijaza daftari lake la hesabu utani na manung'uniko kwa Morris kuhusu malipo. Nikakukumbuka wewe. Hivi shemeji yako ameshakulipa ule ubao wa duka, au bado anakupiga kalenda?

Wasalimie wote nyumbani.

Rafiki yako,
Juma